Jicho la Siri Ziwani: Je, Sheria za Uvuvi Zilindwe kwa Kujificha?

Watu wanne wamepanga nyumba ya mapumziko kando ya ziwa kwa muda wa juma moja. Sheria inamruhusu kila mmoja wao kuwa na samaki 6. Asubuhi wanatoka kwa mashua, wanavua samaki 24, wanarudi. Bwana samaki aliyesimama gatini anahesabu, anaona kuwa idadi ni halali, anawatakia siku njema. Samaki wanakatwa minofu na kutiwa katika jokofu. Jioni watu wale wale wanatoka tena na kuvua wengine 24. Bwana samaki akiwakuta mara hii ya pili, bado mashuani mna samaki 24 tu.

Wakiendelea hivyo kwa siku sita, watakuwa wamevua samaki 288. Sheria yenyewe inahesabu si samaki wa mashuani peke yao, bali hata wale waliomo jokofuni. Hata hivyo, mlinzi aliyevaa sare, ahesabupo gatini, haoni kosa lolote. Kosa limo ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliofungwa.

Kutokana na hesabu hii ndogo umezuka ubishi mkubwa katika nchi zenye maziwa ya mapumziko, hususan Marekani na Kanada. Je, ni haki kwa serikali kumpeleka ofisa wake akajifanya mgeni, akapanga chumba, akala meza moja na wavuvi, akasikiliza majigambo yao ya jioni, kisha akawapeleka mahakamani? Katika makala haya tutautazama ubishi huo kwa jicho la sayansi, tukichukua mfano wa jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani.

Samaki anayegombewa

Minnesota ina maziwa zaidi ya 11,000 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi. Samaki apendwaye kupita wote ni yule aitwaye na wenyeji wolai, ambaye jina lake la kisayansi ni Sander vitreus. Mwaka 1965 alifanywa kuwa samaki rasmi wa jimbo hilo. Nyuma ya mboni ya jicho lake mna utando unaorudisha nuru, kama ulivyo wa paka. Kwa hiyo huona vyema penye giza, na aghalabu huwinda machweo na alfajiri. Nyama yake ni nyeupe na haina miiba mingi, na mamia ya nyumba za wageni zimejengwa kando ya maziwa kwa ajili yake.

Samaki huyu hukua polepole katika maji ya baridi. Jike huchukua miaka kadhaa kabla ya kutaga mara ya kwanza, na kadiri anavyozidi kuwa mkubwa ndivyo mayai yake yanavyozidi kuwa mengi. Jike mkubwa hutaga mayai kwa malaki. Kwa sababu hiyo sheria haziweki idadi peke yake. Katika maziwa mengi huwekwa pia kipimo cha urefu, ili samaki wa umri wa kuzaa warudishwe majini wakiwa hai.

Madhara ya kuzipuuza kanuni hizi si ya kubuni. Ziwa la Red Lake, ambalo sehemu kubwa yake imo katika ardhi ya Wachippewa, lilivuliwa kupita kiasi, kwa njia za halali na za haramu, hata wolai wakakaribia kutoweka katika miaka ya 1990. Mwaka 1997 Wachippewa wenyewe walisimamisha uvuvi wao wa biashara. Mwaka 1999 kabila hilo na serikali zilikubaliana kuufunga uvuvi wa wolai na kupandikiza vifaranga. Ziwa lilifunguliwa tena mwaka 2006. Kwa miaka hiyo yote mvuvi hakuuza kitu, na mwenye nyumba ya wageni hakupata mgeni wa kuvua wolai.

Jinsi samaki wanavyohesabiwa

Msomaji atauliza: wataalamu hujuaje kuwa samaki 6 kwa mtu ni wengi au ni wachache? Hawawezi kulikausha ziwa wakahesabu. Huweka nyavu za majaribio kila mwaka, na zaidi ya hayo huwauliza wavuvi. Karani wa utafiti husimama gatini, humwuliza kila mvuvi amevua kwa saa ngapi, amepata wangapi, amewarudisha wangapi. Idadi ya saa zote za uvuvi huzidishwa kwa wastani wa samaki wapatikanao kwa saa moja, na jumla ya mavuno hupatikana.

Tuseme katika ziwa fulani saa za uvuvi ni 10,000, na mvuvi hupata samaki mmoja kila baada ya saa nne. Mavuno ni samaki 2,500. Lakini ikiwa wavuvi wanaficha nusu ya walichopata, karani ataandika 1,250. Mtaalamu atadhani kuwa ziwa limepumzika, kumbe linachoka. Idadi itakayoruhusiwa mwaka ujao itajengwa juu ya uongo.

Katika ziwa la Mille Lacs hesabu hizi ni jambo la riziki. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kuwa haki ya uvuvi waliyopewa Wachippewa kwa mkataba wa mwaka 1837 ingali hai. Tangu hapo mavuno ya ziwa hilo hugawanywa kwa mafungu. Hata samaki aliyerudishwa majini akafa kwa jeraha la ndoana huhesabiwa katika fungu la wavuvi. Mwaka 2015 fungu la jimbo lilikwisha mapema, na uvuvi wa wolai ulifungwa mwezi Agosti, msimu wa wageni ukiwa haujamalizika. Wenye nyumba za wageni walilia, na wengi wao hawakuziamini hesabu za wataalamu.

Hoja za wanaounga mkono

Watetezi wa ulinzi wa siri wanasema kuwa sare ni onyo. Mashua ya bwana samaki huonekana kutoka mbali, na habari zake hufika ng'ambo ya ziwa kabla yake. Mvuvi mwovu hungoja ipite. Makosa ya jokofuni, na zaidi ya hayo biashara haramu ya minofu, hayaonekani ila na mtu aliye ndani.

Wanaongeza kuwa sheria inawaunga mkono. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kuwa katiba haimlindi mtu anayemwamini rafiki wa uongo akamfunulia siri zake. Na mpaka umewekwa: tangu mwaka 1932 mahakama hiyo imekataa kumtia hatiani mtu ambaye wazo la kosa lilipandwa moyoni mwake na ofisa wa serikali, na mwaka 1992 ikasisitiza kuwa ni juu ya serikali kuthibitisha kuwa mshtakiwa alikuwa na nia ya kosa hata kabla ya kuendewa. Kwa maneno mengine, ofisa anaweza kununua samaki kutoka kwa mwuzaji, lakini hana ruhusa ya kumfanya asiyeuza awe mwuzaji.

Hoja za wanaopinga

Wapinzani wanajibu kuwa nyumba ya mapumziko ni nyumba. Mgeni anayelala humo hajaiacha faragha yake gatini. Mahakama ya Juu ya Minnesota iligusa jambo hili mara mbili, ingawa si kwa habari ya maofisa wa siri. Wakati wa baridi maziwa huganda, na wavuvi hujenga vibanda juu ya barafu, wakatoboa tundu na kuvua humo ndani. Mwaka 2002 mahakama iliamua kuwa bwana samaki hawezi kuingia katika kibanda hicho bila hati wala ridhaa, kwa kuwa watu hula na kulala humo. Mwaka uliofuata iliamua kuwa mvuvi anayesafirisha samaki kwa mashua hawezi kukataa samaki hao wasikaguliwe. Ukizilinganisha hukumu hizi mbili utaona mstari: chombo cha wazi kinachobeba samaki ni jambo la umma, mahali pa kulala ni pa mwenyewe. Wapinzani huuliza: kama mlango hauvunjwi kwa nguvu, kwa nini ufunguliwe kwa hila?

Hoja yao ya pili inahusu matokeo. Mwezi Aprili 2013 serikali ilitangaza matunda ya uchunguzi wa siri wa miaka mitatu kuhusu biashara haramu ya wolai, ulioitwa Operation Squarehook. Watu kadhaa walishtakiwa. Lakini baadhi yao walikuwa Wachippewa waliovua katika ardhi yao ya Leech Lake. Mwaka huo huo mahakama ya shirikisho ilifuta mashtaka dhidi yao kwa sababu ya haki zao za mikataba, na mwaka 2015 mahakama ya rufani ikakubaliana nayo. Ofisa wa siri alikuwa ameona vyema nani anauza samaki. Swali la nani ana haki ya kuuza halikuwa la kujibiwa kwa macho yake.

Sayansi inasema nini?

Mwaka 1968 mwanauchumi Gary Becker alieleza kuwa mkosaji hupima mambo mawili: ukubwa wa adhabu na uwezekano wa kukamatwa. Uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha kuwa hili la pili huzuia makosa kuliko la kwanza. Hapo ndipo udhaifu wa mlinzi wa siri unapoonekana. Maadamu amejificha, hamtishi mtu. Anangoja kosa litendeke. Hutisha baada ya kesi kutangazwa, na hapo hutisha wote, mwema na mwovu. Kila mgeni wa meza ya pili hushukiwa. Na karani wa utafiti anapouliza, "Umepata wangapi?", mvuvi humtazama na kunyamaza. Hasara ya ukimya huo haionekani mahakamani. Huonekana katika daftari la mtaalamu.

Sisi wa Ziwa Viktoria tuna sababu ya kuyatafakari haya. Nasi tuna vipimo vya urefu: nchi tatu za ziwa hilo zilikubaliana kuwa viwanda vipokee sangara wa sentimeta 50 hadi 85. Nasi tuna makarani wanaorekodi mavuno mialoni, na vikundi vya ulinzi shirikishi, BMU, ambavyo wanachama wake ni wakazi wa mwalo wenyewe. Jirani anayejulikana na kuaminiwa huona mengi, na husema kweli zaidi kuliko mgeni aliyejificha.

Kwa hiyo, yatupasa kutenganisha makosa. Mtandao wa wafanyabiashara wanaosafirisha minofu haramu kwa magari hauwezi kuvunjwa na mtu mwenye sare. Hapo uchunguzi wa siri, wenye kibali na mipaka ya sheria, una mahali pake. Lakini familia iliyozidisha samaki wanne jokofuni haihitaji jasusi mezani. Inahitaji bwana samaki anayeonekana mara kwa mara, kanuni iliyoelezwa ikaeleweka, na mwenye nyumba ya wageni anayejua kuwa ziwa likifa na biashara yake imekufa.

Samaki hawasemi. Yote tuyajuayo juu yao twayapata kwa nyavu za majaribio na kwa vinywa vya wavuvi. Serikali inapoamua kujificha, na ipime kwanza ni vinywa vingapi itakavyovifunga.