Boti Yako Futi Ngapi?

Mtu wa mfereji hakuulizi unafanya kazi gani, wala unatoka nchi gani. Swali hili la pili nimelijibu sana kwenye mabasi ya Birmingham, hata tulipohamia majini mimi na mume wangu nilikuwa nimeshaliwekea jibu tayari. Halikuja. Mzee wa boti ya jirani alitoa kichwa dirishani, akatupa jicho kuanzia omo hadi tezi, akauliza: "Futi ngapi hiyo, bab?" Bab ndivyo wazee wa Birmingham wanavyomwita mwanamke yeyote, awe mjukuu awe bibi. Nikamwambia hamsini na saba. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyetajiwa ukoo wenye heshima zake.

Na kweli futi 57 ni heshima. Mifereji ya Uingereza ilichimbwa na makampuni, kila kampuni na vipimo vyake, kwa hiyo boti ya futi 70 inayopita bila taabu katikati ya nchi haiingii kwenye baadhi ya mifereji ya kaskazini. Ya futi 57, yaani mita 17 na ushei, inakwenda karibu kila mahali. Upana hauna mjadala: ni mita 2 na sentimita chache, kwa kuwa vyumba vingi vya kupandishia boti vilijengwa kwa upana wa futi 7 tangu zama za fundi James Brindley. Nikinyoosha mikono sebuleni kwangu nakaribia kugusa kuta zote mbili. Humo humo mna kitanda, bafu, meko ya gesi, na jiko la makaa la kutia joto.

Brindley huyo ndiye aliyemchimbia kabaila mwenye migodi, Duke wa Bridgewater, mfereji wa kupeleka makaa ya mawe kutoka Worsley hadi Manchester. Ulifunguliwa mwaka 1761, na nchi nzima ikashikwa na homa ya kuchimba. Boti zilikokotwa na farasi waliotembea ukingoni. Baadaye familia nzima zikawa zinalala kwenye kijumba cha mita 3 hivi kule tezi, ili nafasi iliyobaki yote ijae mzigo. Reli ikaja, halafu malori, na baridi ya mwaka 1963 ilipogandisha mifereji kwa wiki kadhaa, wachukuzi wengi waliokuwa wamebaki wakafunga kazi. Walioinusuru mifereji ni wapenzi wake tu. L.T.C. Rolt alitoa kitabu chake Narrow Boat mwaka 1944, na mwaka 1946 yeye, Robert Aickman na wenzao wakaanzisha chama cha kuitetea. Leo shirika la hisani la Canal & River Trust linatunza takriban kilomita 3,200 za njia za maji katika England na Wales, na zimo boti zaidi ya 30,000. Nyingi hazibebi chochote ila watu, mbwa wao na vyungu vya maua juu ya paa.

Baraza la watu hawa ni loki. Mfereji haupandi mlima, kwa hiyo penye mwinuko hujengwa chumba cha mawe chenye lango mbele na lango nyuma. Unaingiza boti kwa chini, unafunga lango la nyuma, unatoa hendeli ya chuma uliyoichomeka kiunoni na kuizungusha kwenye gia iliyo ukingoni. Kibao kilichozama kinanyanyuka, maji yanaingia kwa ngurumo kutoka juu, na boti yenye uzito wa tani zaidi ya kumi inapanda pamoja na birika lako lililoko mekoni. Kupanda mara moja kunakula karibu lita laki moja. Kisha unaegemeza mgongo kwenye boriti ya lango na kusubiri, kwa sababu lango halisogei hata inchi mpaka maji ya pande zote mbili yalingane. Hapo ndipo midomo inapofunguka. Pale Hatton, karibu na Warwick, loki ziko 21 mfululizo, tena ni pana, boti mbili zinaingia ubavu kwa ubavu. Ukianza chini na mtu usiyemjua, ukifika juu umeshajua magoti yake, mkwewe, na injini yake inakunywa mafuta kiasi gani.

Wakati wa kushuka, soga huwa na koma zake. Nyuma ya chumba, chini ya maji, kuna kizingiti. Maji yakipungua na tezi ikakalia kizingiti hicho, omo inaendelea kushuka peke yake, na boti inaweza kuzama ndani ya dakika chache. Ukutani wamechora mstari mweupe kuonyesha kinapoishia. Nimemsikia mtu akisimulia harusi ya bintiye, akakata neno katikati, "Sogea mbele kidogo, bab," nikasogea, naye akaendelea pale pale alipoachia, kwenye keki.

Lakini mada kuu ni choo. Sitanii. Nilikaribishwa chai na mke na mume, walimu wastaafu, watu wa adabu zao, na kabla maji hayajachemka walikuwa wameshaanza. Kuna madhehebu matatu. Wa kwanza ni watu wa dumu: chini ya choo kuna kisanduku cha lita 20 hivi, kikijaa unakichomoa na kukikokota kwa magurudumu yake hadi mahali maalumu pa kumwagia. Wa pili wana tangi kubwa, mara nyingine liko chini ya kitanda, ambalo hunyonywa kwa mashine na wao wakalipia. Wa tatu ni watu wa mboji, wanaotenganisha kioevu na kigumu na kutia vumbi la mbao, na hao usiwaanze, maana wana bidii ya mtu aliyeokoka juzi. Mimi ni wa dumu na sibanduki. Mfereji ukiganda, dumu nitalibeba kwa miguu. Mwenye tangi lililojaa atabaki nalo, akiangalia barafu.

Mwanzoni niliyachukulia mazungumzo haya kuwa vituko vya wazee. Ukiishi huku unaona kazi yake. Wapo wasio na gati la kudumu, na sheria ya mwaka 1995 inawataka wasikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Mtu wa namna hiyo anahitaji kujua leo, siyo wiki ijayo, bomba lipi la maji limekatika, loki ipi imefungwa kwa matengenezo, mti umeanguka wapi, na boti ya kuuza makaa, gesi na dizeli imepita lini. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kama kilomita 6 kwa saa, kwa hiyo mkipishana mnapata nafasi ya sentensi mbili, au tatu kama mmoja ana kelele. "Kuna nafasi ya kufunga mbele?" "Mbili, ukishapita baa!" Huyo kaenda. Waingereza hawa hawa walionyamaza treni nzima asubuhi.

Mjomba wangu wa Pangani, aliyekuwa baharia wa jahazi ujanani, haya yote anayaona kichekesho. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mama. Huko mnangoja upepo gani, kusi au kaskazi?" Nikamweleza hakuna upepo, kuna dizeli, na maji kwenye mifereji mingi yananifika kiunoni au kifuani. "Sasa mtu akitumbukia?" "Anasimama, mjomba." Alicheka mpaka simu ikamponyoka. Sikumtajia loki, asije akakosa usingizi. Alichokiheshimu ni kana, ule mkono wa usukani: nao tunausukuma kushoto ili omo iende kulia, vile vile kama alivyofanya yeye. Na aliposikia kila baada ya miaka miwili mitatu boti hutolewa majini, ikakwanguliwa na kupakwa lami chini ya mkanda, akasema afadhali, kumbe mna akili, maana yeye alipaka shahamu na chokaa.

Kitu kimoja huwakusanya watu upesi kuliko vyote: kitu kilichonasa kwenye propela. Unasikia injini inakaza, moshi unakuwa mweusi, boti haitii tena usukani. Unafunga ukingoni, unazima injini, unatia ufunguo mfukoni (mfukoni, usiuache pale), unafungua kifuniko kilicho tezi na kuzamisha mkono mpaka kwapani katika maji ya Februari. Birmingham hutoa waya, mifuko, kamba, duveti, na mara nyingine sari nzima, hariri iliyojisokota kwenye chuma ikawa ngumu kama mti. Kisu cha kawaida hakifui dafu, kinatakiwa cha kukatia mkate, chenye meno. Hilo niliambiwa na mpita njia aliyesimama juu yangu na mbwa wake, akaenda kwenye boti yake akaleta chake, kisha akabaki ananihesabia alivyowahi kutoa yeye. Godoro la springi ndilo lililokuwa juu ya orodha.

Ugomvi nao upo. Tangu mwaka 2024 wasio na gati la kudumu wanatozwa nyongeza kwenye leseni, na wenye gati na wasio nalo hawajapatana juu ya haki yake. Nimeona chai ikipoa kwa ajili hiyo. Lakini kinachopandisha sauti kila siku ni mwendo. Boti ikipita kasi kwenye mfereji mwembamba, maji yanavutwa nayo, na boti zilizofungwa zinayumba, kamba zinakaza, vigingi vinang'oka, chai inamwagika. Hapo utaona vichwa vinachomoza madirishani kimoja baada ya kingine, "Polepole!", hata kama aliyepita alikuwa akitambaa. Wengine hupiga kelele kabla hata hujafika. Ni kama salamu, ingawa mume wangu hakubali.

Ukibahatika kufika Uingereza, njia ya ukingoni ni ya bure na iko wazi. Nenda Hatton, au Gas Street katikati ya Birmingham, simama utazame. Watazamaji wamezoeleka, na ukiomba kusaidia kusukuma lango utaruhusiwa kwa furaha. Ila usiulize kama ndani kuna baridi wakati wa baridi. Kila apitaye huuliza hilo, na jibu ni kwamba jiko la makaa kwenye chumba chenye upana wa mita 2 linatutoa jasho mpaka tunafungua dirisha mwezi Januari. Uliza choo. Lakini hakikisha huna treni ya kuwahi.