Betri Haina Kosa, Mwanangu: Mwizi Yuko Kwenye Dashi

Masela wa Kigoma, leo tunaongelea kitu kinachowavua masela nguo mchana kweupe: ndinga inayolala nzima na kuamka maiti.

Picha linaanza hivi. Ijumaa usiku umepaki fresh. Jumapili jioni umeosha chombo, rimu zinawaka, pafyumu imepulizwa, pisi kali wawili washakaa siti ya nyuma, safari ni bichi. Unazungusha ufunguo. Tik-tik-tik-tik. Taa za dashi zinafifia. Kimya. Mtaa mzima unakuangalia. Pisi mmoja anauliza, "Kwa hiyo tuite bodaboda?"

Noma.

Halafu wanatokea wana wa maskani, mikono imekunjwa, "Tukusukume, bro!" Kausha. Hiyo IST yako ni otomatiki. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, maana gia zake zinashikana kwa presha ya oili, na presha hiyo inaletwa na injini yenyewe. Injini imelala, presha hakuna, tairi zinazunguka bure. Mtasukuma mpaka Mwandiga, jasho mpaka kwenye soksi, na chombo hakitawaka. Kusukuma waachie wenye manyuo.

Mzee wa bao kasema

Kila maskani ina mzee wa bao. Anakaa chini ya mwembe tangu asubuhi, kete mkononi, hajawahi kumiliki hata baiskeli yenye taa, ila kwenye magari ni profesa.

Mzee wa bao kasema: "Betri za siku hizi feki, nunua nyingine." Unamsikiliza. Laki na nusu, au zaidi, imetoka. Wiki mbili unavimba. Wiki ya tatu, tik-tik-tik. Mkwanja umeenda, tatizo limebaki.

Mzee wa bao kasema: "Uliiweka sakafuni, saruji imenyonya umeme." Mzee, betri ya leo imekaa ndani ya boksi la plastiki. Umeme haupiti hapo kwenda kwenye saruji. Hizo ni stori za betri za enzi za boksi la mbao.

Mzee wa bao kasema: "Washa dakika tano kila asubuhi, inatosha." Haitoshi. Stata inakula umeme mwingi kwa mpigo mmoja, na injini ikiunguruma sailensa imepaki, altaneta inarudisha kidogo kidogo. Utachoma mafuta, majirani watakutukana, betri itabaki na njaa.

Mzee wa bao kasema: "Jazia maji ya kisima." Hapa sasa anaua. Maji ya kisima yana madini, na madini yanaharibu bati za risasi mle ndani. Betri ya kuongezewa maji inataka maji ya betri tu, yale ya dukani.

Mwache na kete zake. Twende kwenye ishu.

Mjapani, FM na fundi wa kuungaunga

Ndinga zetu nyingi zimetoka Japani zikiwa zimetumika. Redio za Japani, hasa za ndinga za zamani, zimetengenezwa kwa FM ya kuanzia 76 mpaka 90. Stesheni zetu zinaanzia 88 mpaka 108. Kwa hiyo ukifika na IST yako Kigoma, redio inapata stesheni za kuhesabu, na skrini inaongea Kijapani. Hakuna msela anayevumilia hiyo. Kinachofuata: redio inang'olewa, inawekwa ya skrini kubwa, spika nne, amp, na sabufa la kutikisa vioo.

Na hapo ndipo mwizi anapoingia ndani.

Nyuma ya redio kuna nyaya. Njano ni umeme wa kudumu, unatoka kwenye betri saa 24, wa kutunza saa na stesheni zako. Nyekundu inapata umeme ufunguo ukigeuzwa tu. Nyeusi ni ethi. Bluu ndiyo inayoiambia amp iamke. Fundi makini anaunga kila waya mahali pake. Fundi kanjanja anataka kumaliza haraka akale migebuka. Anafunga njano na nyekundu pamoja, anazungushia tepu nyeusi, kwisha. Redio sasa inawaka hata bila ufunguo. Wewe unashangilia, "Unyama!" Kumbe redio haitalala tena. Akiongezea bluu kwenye njano, na amp nayo inakesha, kila siku, hata kama hakuna wimbo unaopigwa.

Piga hesabu na mimi. Betri ya ndinga ndogo huwa na ampea-saa kama 45. Ndinga iliyolala kihalali inakunywa chini ya ampea 0.05, umeme wa saa, alamu na kumbukumbu za kompyuta. Kwa kasi hiyo betri inachukua zaidi ya mwezi kukauka. Amp inayokesha inaweza kunywa nusu ampea bila kupiga wimbo wowote. Nusu ampea kwenye 45 ni saa 90, hazitimii hata siku nne. Na stata haisubiri betri ikauke kabisa, inagoma mapema. Umepaki Ijumaa, Jumapili umekwisha. Betri haina kosa.

Mita, mwanangu, mita

Kifaa cha kumkamata mwizi kinaitwa mita ya umeme. Wekundu wachache tu, dukani kwa vifaa vya umeme. Bei yake ukilinganisha na betri mpya ni hela ya kula bata usiku mmoja.

Zima kila kitu, toa ufunguo. Kwa spana namba 10 legeza kichwa cha betri cha hasi, kile cheusi. Weka mita kwenye ampea 10, waya mmoja kwenye nguzo ya betri, mwingine kwenye kichwa ulichochomoa, ili umeme wote upite ndani ya mita. Usithubutu kupiga stata hapo, utachoma fyuzi ya mita. Funga milango, subiri nusu saa, maana kompyuta za gari zinachukua muda kulala. Kisha soma. 0.02, 0.03, safi. 0.4, 0.7, una mpangaji asiyelipa kodi.

Sasa chomoa fyuzi moja moja, jicho kwenye mita. Namba ikianguka, umemkamata.

Kuna mshikaji wa Ujiji alibadilisha betri mara mbili kabla ya kukubali kupima. Mita ikasoma 0.71. Akachomoa fyuzi zote za ndani, namba haikutikisika. Akaanza kusema mita ni kimeo. Fundi umeme aliyekuwa pembeni hakusema kitu, akafuata waya mnene mwekundu wa amp, ule unaotoka moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye boksi la fyuzi, akakifungua kifyuzi chake kidogo. Mita: 0.03. Palepale. Bluu ilikuwa imeungwa kwenye njano. Tepu mpya, waya mahali pake, nusu saa, mchezo umeisha. Betri mbili zilizotupwa zilikuwa nzima.

Usikariri redio tu lakini. Wezi wengine hawa hapa. Taa ya buti inayobaki imewaka buti ikiwa imefungwa, huioni mpaka uingize simu inayorekodi video. Alamu na kifaa cha kufuatilia gari vilivyofungwa kienyeji. Chaja ya simu na kamera ya dashi kwenye soketi isiyozima. Na altaneta yenyewe: daiodi yake ikifa, umeme unarudi nyuma kutoka kwenye betri usiku kucha. Ukiishika altaneta asubuhi, injini haijawashwa, na ni ya vuguvugu, mwizi ni huyo.

Kama namba ni safi

Mita ikisoma 0.03 na bado ndinga inakufa, ndipo uitazame betri. Rudishia kichwa cha hasi, kaza, kisha igeuze mita kwenye volti. Betri iliyoshiba na kupumzika inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.0 ina njaa kali. Washa injini: 13.8 mpaka 14.5, altaneta inachaji. Ikibaki 12 na injini inaunguruma, tatizo ni altaneta au mkanda wake, siyo betri. Na angalia vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, mwaga maji ya moto, sugua, kaza. Kichwa kikilegea kinakupa tik-tik-tik ileile, na mzee wa bao atakwambia tena ununue betri.

Halafu mizunguko mifupi. Mwanga kwenda Ujiji, zima. Ujiji kurudi Mwanga, zima. Eesii, taa, mziki, skrini, simu tatu kwenye chaja. Stata inatoa, altaneta haipati muda wa kurudisha. Mara moja kwa wiki vuta mpaka Kasulu, betri ishibe.

Jifunze ziwani

Unataka watu wanaoheshimu betri? Nenda Kibirizi. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanaingia ziwani na karabai, sasa wengi wana taa za betri. Taa zikizima katikati ya usiku, dagaa hawapandi juu, kazi imekufa. Kwa hiyo betri inachajiwa kila siku, haiachwi tupu. Betri ya risasi ikikaa tupu, bati zake zinaota salfeti ngumu, na hata ukichaji haishiki tena. Ndinga yako ikifa Jumapili, chaji Jumapili. Ukisubiri mwisho wa mwezi, unainunulia jeneza.

Na ukisafiri, chomoa kichwa cha hasi. Wajerumani walipoizamisha meli yao hapa Ziwa Tanganyika mwaka 1916, mafundi walizipaka injini grisi nzito kwanza. Ilitolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chombo kilichoandaliwa kabla ya kulala kinaamka. Wewe unaenda Dar wiki mbili na alamu, amp na kifuatiliaji vyote vinakesha, unategemea nini?

Ya bichi nayo tuwekane sawa. Mziki mnene injini imezimwa ni saa moja, siyo tatu. Waya za kubusti zikae kwenye buti, kuomba kila wikiendi ni ushamba. Nyekundu kwenye chanya yako, kisha chanya ya msaidizi. Nyeusi kwenye hasi ya msaidizi, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri, maana betri inatoa gesi inayolipuka kwa cheche.

Kwa hiyo wana, msimamo ni mmoja. Betri ya laki na nusu juu ya waya mbovu ni hela umeitupa ziwani. Wikiendi hii kabla ya bata, spana namba 10, mita, nusu saa. Ikizidi 0.05, anza na redio. Fundi akikuunganishia njano na nyekundu pamoja, mwambie afungue mbele yako kabla hujamlipa hata jero. Kula bata ruksa, ila ndinga iwake kwanza.