Senti Ishirini Yenye Mnazi

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuokota sarafu ya zamani. Labda uliiona shambani wakati wa kulima. Labda mvua iliifukua njiani. Labda bibi aliitoa katika sanduku lake akakuonyesha. Ukaigeuza mkononi na kujiuliza: Je, kitu hiki kina thamani?

Swali hilo ni zuri. Wako watu duniani wanaokusanya sarafu za zamani. Hawazikusanyi ili wakanunulie sukari. Huzisoma, huzilinganisha na kuzitunza. Sarafu nyingine huzipata kwa bei ndogo. Nyingine huzitafuta kwa miaka mingi bila kuzipata.

Sasa tuulize. Kati ya sarafu ndogo ndogo zilizotumika Afrika Mashariki, ni ipi ambayo mkusanyaji angefurahi sana kuiona kiganjani mwake? Jibu letu ni senti 20 ya Zanzibar ya mwaka 1908. Tutaeleza kwa nini.

UZEE SI UADIMU

Watu wengi hudhani kwamba sarafu ikiwa ya zamani, lazima iwe na bei kubwa. Sivyo. Kitu huwa adimu kwa sababu vilivyobaki ni vichache. Uzee peke yake hautoshi.

Tazama pesa ya mizani. Sarafu hii ya shaba ilitolewa mwaka 1882, wakati wa Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar. Upande mmoja ina picha ya mizani. Mwaka wake umeandikwa kwa hesabu ya Kiislamu, yaani 1299. Sarafu hizi zilitengenezwa nyingi mno. Zilitumika pwani na bara, na hadi leo si vigumu kuziona. Hata neno letu "pesa" limetokana na jina la sarafu ndogo ya Kihindi iliyotumika huku zamani.

Tazama pia senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, ile yenye tundu katikati. Baadhi yake zina jina la Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza. Mfalme huyo alianza kutawala Januari 1936 akajiuzulu Desemba mwaka huo huo. Hakutimiza hata mwaka mmoja. Kwa hiyo mtu anaweza kufikiri kuwa sarafu yenye jina lake ni adimu sana. Lakini sarafu hizo zilitengenezwa kwa mamilioni. Hadithi yake ni kubwa, bei yake ni ndogo.

HABARI ZA SENTI 20 YA 1908

Mwaka 1908 Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Sultani alikuwa Ali bin Hamud, aliyetawala tangu 1902 hadi 1911. Serikali ilitaka kubadili hesabu ya fedha. Zamani rupia moja ilikuwa na pesa 64. Hesabu mpya ilikuwa rupia moja kwa senti 100.

Basi zikatengenezwa sarafu za aina tatu: senti 1, senti 10 na senti 20. Upande mmoja ziliwekwa picha ya mnazi, neno ZANZIBAR na mwaka 1908. Upande wa pili ziliandikwa kwa Kiarabu. Senti 1 na senti 10 zilikuwa za shaba. Senti 20 ilikuwa ya nikeli, madini meupe yanayofanana na fedha.

Sarafu zilikuwa nzuri, lakini hazikushika. Watu walikuwa wamezoea pesa zao. Mwenye duka alihesabu kwa pesa, mchukuzi alilipwa kwa pesa, na samaki sokoni alikuwa na bei yake ya pesa. Sarafu ni kama lugha. Ukiisema peke yako, haikufikishi popote. Senti za mnazi zilirudishwa serikalini, na nyingi ziliyeyushwa.

Baadaye, mwaka 1936, Zanzibar iliacha rupia na kuingia katika shilingi ya Afrika Mashariki. Rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na senti 50. Senti za mnazi zilikuwa zimekwisha kusahauliwa.

Hiyo ndiyo sababu ya uadimu wake. Pesa ya mizani ina umri mkubwa kuliko senti ya mnazi kwa miaka 26. Lakini pesa ya mizani ilipokewa na watu, ikabaki mikononi mwao. Senti ya mnazi ilikataliwa, ikarudi motoni. Zilizosalia ni chache, hasa zile za senti 20. Kitu ambacho muuza samaki alikikataa, leo mkusanyaji anakitafuta kwa hamu.

HALI YA SARAFU NAYO HUHESABIWA

Sarafu mbili za aina moja zinaweza kuwa na bei tofauti sana. Moja inasomeka vizuri, nyingine imelika. Mfano ni senti 1 ya alumini iliyotolewa kwa Kenya na Uganda mwaka 1907. Alumini ni madini yale yale ya masufuria mepesi. Wakati ule ilikuwa ajabu kuitumia kutengenezea fedha. Lakini jasho na unyevunyevu viliila. Mwaka 1909 Waingereza wakaanza kutumia madini mengine. Senti hizo za alumini zikipatikana safi, wakusanyaji hufurahi. Zikiwa zimelika, hawazitaki.

NA ZA MJERUMANI JE?

Vijijini husikika maneno mengi juu ya fedha za Mjerumani. Ukweli ni huu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza ziliziba pwani. Sarafu hazikuweza kuletwa kutoka Ujerumani. Hivyo mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu Tabora, katika karakana ya reli. Sarafu ndogo zilikuwa za heller 5 na heller 20. Zina herufi T, yaani Tabora. Mwezi Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji.

Sarafu hizo ni kumbukumbu nzuri ya vita vilivyowatesa babu zetu. Wakusanyaji huzipenda. Lakini za heller 20 zilitengenezwa kwa wingi. Kuwa nayo moja si kuwa tajiri. Wala haina nguvu yoyote ya ajabu. Akija mgeni akasema kwamba sarafu yako itauzwa kwa mamilioni, ila kwanza utoe fedha za "kuipima", huyo ni tapeli. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha. Haombi fedha.

SARAFU NDOGO ILIYO KUBWA KULIKO ZOTE

Iko sarafu nyingine ambayo thamani yake haipimwi kwa bei. Ni sarafu ya shaba ya Kilwa. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao karne nyingi kabla ya kuja Wajerumani na Waingereza. Mmoja wao ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Yeye ndiye aliyekuwa akitawala wakati msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Sarafu hizo ni ndogo na nyembamba. Mtu asiyezijua angeweza kuzitupa.

Lakini sikia habari hii. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kadhaa ufukweni, katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Hakujua ni za nani. Hata hivyo alifanya jambo moja la busara. Alitia alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Miaka mingi baadaye wataalamu walizitazama. Walikuta kwamba baadhi yake ni za Kilwa! Zilivukaje bahari hiyo kubwa? Wataalamu bado wanabishana. Sarafu ya Kilwa imepatikana pia Zimbabwe, katika magofu ya Great Zimbabwe. Hiyo inatuonyesha njia za biashara ya zamani.

Ndugu msomaji, angalia jambo hili kwa makini. Kama askari yule asingetia alama kwenye ramani, sarafu zile zingekuwa vipande vya shaba tu. Mahali ilipolala sarafu ni nusu ya habari yake. Mtu akiichimba usiku na kuiuza kwa siri, nusu hiyo hupotea milele. Hakuna fedha inayoweza kuirudisha.

UKIOKOTA SARAFU, FANYA HIVI

1. Usiisugue. Watu wengi husugua shaba kwa majivu, mchanga au ndimu ili ing'ae. Kwa sufuria ni vizuri. Kwa sarafu ya zamani ni kuiharibu. Maandishi hulika, na bei hushuka.

2. Isome. Tafuta mwaka, jina na picha. Kama ni maandishi ya Kiarabu, mwombe anayeyajua akusomee.

3. Andika mahali ulipoiokota, siku, na vitu vingine ulivyoviona hapo, kama vigae au shanga. Sasa unajua kuandika. Itumie elimu yako.

4. Ifunge katika karatasi au kitambaa kikavu, peke yake.

5. Usichimbe magofu wala makaburi. Tanzania Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Sarafu za Kilwa zimo. Ukiona kitu kama hicho, toa taarifa kwa viongozi wa kijiji au kwa Makumbusho ya Taifa.

6. Usiuze kwa haraka. Waulize watu zaidi ya mmoja wanaojua. Anayekuharakisha ana sababu yake.

Huenda hutaiona kamwe senti 20 yenye mnazi. Wakusanyaji wengi nao hawajaiona. Lakini sanduku la bibi linaweza kuwa na pesa ya mizani, senti yenye tundu, au senti tano ya mwaka 1966 yenye picha ya samaki. Hizo si mali nyingi. Ila kila moja ilipita katika mikono ya wazee wetu, ikanunua chumvi, ikalipa kodi. Muulize bibi ilinunua nini. Kisha andika jibu lake, kabla halijapotea.