Safari wakati wa mvua

Watu wengi wa Katanga husema: « Wakati wa mvua si wakati wa safari. Ngoja kiangazi. » Kweli, njia zina matope, nguo hazikauki, na magari hukwama. Lakini msafiri wa kiangazi huona nini? Majani yaliyoungua, vumbi, na mito iliyopungua. Anayetaka kuona uzuri wa nchi, aende wakati wa mvua. Lakini kwanza ajifunze sheria zake.

Mvua yatoka wapi?

Katika Lubumbashi mvua huanza mwezi wa 10 au wa 11, nayo huisha mwezi wa 4. Miezi ya 6, 7 na 8 hainyeshi, ama hunyesha kidogo sana. Sababu ni nini? Toka mwezi wa 10 mpaka mwezi wa 2, saa sita mchana jua huwa karibu juu kabisa ya vichwa vya watu wa Katanga. Udongo hupata joto. Hewa iliyo juu ya udongo hupata joto vilevile, kisha hupanda pamoja na mvuke wa maji. Huko juu ni baridi. Mvuke hugeuka kuwa matone madogo sana: ndiyo mawingu. Matone yakiungana huwa mazito na kuanguka: ndiyo mvua.

Kwa hiyo mara nyingi asubuhi anga ni safi, na ngurumo huja baada ya saa sita, udongo ukiisha kupata joto. Hii ndiyo sheria ya kwanza: ondoka alfajiri, fika mapema.

Mambo ya kuona

Kaskazini ya Lubumbashi kuna nchi ya juu iitwayo Kundelungu. Tangu mwaka 1970 ni hifadhi ya taifa. Huko mto Lofoi huanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya metri 300. Wakati wa kiangazi maji yake ni machache. Wakati wa mvua hushuka kwa nguvu na kuvumisha bonde lote. Maji yale huenda katika mto Lufira. Lufira huyapeleka katika Lualaba. Lualaba huwa mto Kongo, nao Kongo huingia baharini. Tone lililoanguka Kundelungu lina safari ndefu kuliko msafiri!

Asiyeweza kufika Kundelungu, atazame kichuguu cha karibu. Vichuguu vingine vya Katanga hupita metri 5. Baada ya mvua za kwanza, kumbikumbi hutoka humo kwa maelfu. Huruka, huanguka, huacha mabawa yao, kisha wawili wawili huchimba ardhi iliyolainika, waanze kao jipya. Mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya huwakamata wakiruka. Tena, ndani ya vichuguu mchwa hulima uyoga kuwa chakula chao. Mvua ikinyesha, uyoga huo huota nje, na kofia ya mmoja yaweza kupita nusu metri. Lakini uyoga usioujua usiuchume: mwingine ni sumu.

Radi

Kongo ni nchi ya radi. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza hesabu iliyofanywa na chombo kilichozunguka juu ya dunia: karibu na Kabare, katika Kivu, umeme humulika zaidi ya mara 200 kwa mwaka juu ya kila kilometri mraba.

Uonapo umeme, anza kuhesabu: moja, mbili, tatu, mpaka usikie ngurumo. Sauti hupita kilometri moja katika sekunde 3 hivi. Ukihesabu 9, radi i mbali kilometri 3. Kama hukufika 30, ingia upesi katika nyumba imara au katika motokari iliyofungwa. Usisimame chini ya mti, wala juu ya kilima, wala ndani ya maji.

Mto uliojaa

Hatari nyingine ni mto. Asubuhi watu huvuka kijito kwa kukanyaga mawe. Jioni mawe hayaonekani, na maji yamekuwa mekundu, yakichukua matawi. Hapa mvua haikunyesha. Imenyesha mbali, juu milimani. Msafiri husema: « Maji ni ya magoti tu. » Hajui kwamba maji ya magoti yakienda mbio huweza kumwangusha mtu mzima, na kwamba chini yake pengine udongo umekwisha kuchukuliwa.

Afanye nini? Angoje. Kijito hujaa upesi, tena mara nyingi hupungua upesi. Akae mahali pa juu, apike chakula, achemshe maji ya kunywa, na usiku alale ndani ya chandarua, maana mbu ni wengi. Mwenye kungoja hupoteza siku moja. Mwenye kuvuka kwa haraka huenda akapoteza maisha yake.

Maulizo

1. Kwa nini ngurumo huja zaidi baada ya saa sita?
2. Maji ya Lofoi hupita mito gani mpaka baharini?
3. Umehesabu 12 kati ya umeme na ngurumo. Radi i mbali kilometri ngapi?
4. Kijito chaweza kujaaje mahali pasiponyesha mvua?