Redio Iliyokunywa Maji ya Tana

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, lakini mtu asiguse waya. Redio hii nimeinunua hapa hapa Idsowe kwa shilingi 1,500, na aliyeniuzia alizihesabu zile pesa huku akinihurumia. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 yaliikuta uvunguni mwa kitanda. Maji yakashuka, tope la Mto Tana likabaki ndani, kisha mchwa wakaja kumalizia mbao.

Ni redio ya valvu. Mnaviona hivi vichupa vinne vya kioo? Ndani yake hewa imenyonywa yote, mkabaki uzi mwembamba ambao ukipata moto hutoa elektroni. Elektroni hizo ndizo zinazoyapa nguvu mawimbi hafifu yanayonaswa na antena. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, na transista ni kidude kidogo kuliko punje ya mahindi.

Sasa niambieni: zama hizo vijiji vya mtoni vilikuwa na umeme? Havikuwa nao. Kwa hiyo redio hii ilikula betri, tena za aina mbili: ya volti 1.5 ya kupasha nyuzi moto, na ya volti 90 ya kuzivuta elektroni. Ile ya 90 maduka yameshaisahau. Nimeunga betri kumi za volti 9, chanya ya hii kwa hasi ya ile, zikatimia 90. Upande wa pili inatosha betri moja kubwa ya tochi. Lakini angalieni hapa: ukizichanganya, volti 90 zikaingia kwenye nyuzi, valvu zote nne hufa papo hapo. Nenda Garsen, nenda Malindi, utaambiwa hakuna. Ndiyo maana waya mmoja nimeufunga kitambaa chekundu.

Redio za namna hii zilikuwa bado zinasikilizwa Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Na mahadhi ya wimbo wa taifa yalitoka wapi? Kwetu! Ni wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Hebu fikirini bibi wa huku mtoni, ameketi mbele ya sanduku kama hili, anaisikia Nairobi ikimpigia wimbo aliomlazia mwanawe. Mimi naona alicheka.

Haya, turudi kazini. Mwenye pupa huunganisha betri siku ile ile aliyonunua. Mimi nilianza na brashi ya rangi, nikapangusa tope kavu kwenye bati za kutafutia stesheni. Bati hizo hupishana bila kugusana. Moja ikipinda ikamgusa mwenzake, stesheni hupotea. Kisha nikazikata kapasita za karatasi na nta. Zikizeeka huvujisha umeme, hata kama kwa nje zinaonekana nzima, basi nikalehemu mpya za kipimo kile kile. Spika ilikuwa imechanika. Nimeiziba kwa karatasi laini na gundi nyembamba, maana gundi nzito huifanya sauti iwe ya mafua. Nyuzi za valvu nilizipima kwa mita moja moja, na zote zilikuwa hai. Hiyo ilikuwa bahati, si ufundi.

Jana jioni nikaiwasha. Msitarajie taa: nyuzi hizi huwaka kwa wekundu hafifu sana, gizani tu ndipo utauona. Ikakoroma, ikapiga mluzi, kisha mtu akaanza kuzungumza Kiarabu. Usiku masafa mafupi husafiri mbali, kwani mawimbi hugonga tabaka la juu angani yakarudishwa chini.

Kijana mmoja wa jirani akaniomba nimtafutie mpira kwenye FM. Nikamwambia redio hii haina FM. Akauliza, “Sasa babu, umenunua nini?” Nikampa kiti, nikamwambia anishikie antena.