Joto la Ndani ya Tanuri

Nafundisha fizikia hapa Mutomo, na tanuri la matofali ndilo somo langu nilipendalo. Kipimajoto hakifiki katikati ya moto, basi tunapima ukutani kwa nje, kwenye udongo uliokandikwa, kisha tunarudi nyuma kwa hesabu. Ugumu ni kwamba udongo hufifisha mabadiliko ya haraka ya moto kabla hayajafika nje. Hesabu inapoyakuza upya, hukuza pia kosa la kipimo: upepo ukikitikisa kwa nyuzi 1 tu, jibu laweza kuruka makumi ya nyuzi. Mwaka 1963 Mrusi Andrey Tikhonov alitoa dawa ninayoithamini sana: tafuta jibu linalokaribiana na vipimo, lakini litoze adhabu kila linapoyumbayumba. Adhabu ikizidi, mwako halisi unafutika. Ikipungua, makosa yanatawala. Kwa hiyo wanafunzi wangu huanza kwa kuchunguza kipimajoto chao hukosea kiasi gani, ndipo wapange adhabu.