Uanaume Uliovuliwa Joho

Wako wasomaji waungwana ambao, wakikuta katika shairi la Kiingereza la karne ya 20 tamko la wazi juu ya mwili na matamanio yake, hukifunga kitabu kwa ghadhabu, wakidhani mshairi amekusudia kuitukuza ashiki ya mwanamume. Kumbe walio bora miongoni mwa washairi wale waliitumia taswira ya mwili kuuvua uanaume joho la takaburi ulilokuwa umevikwa dahari nyingi.

Mtazame Wilfred Owen, askari aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, juma moja tu kabla ya silaha kuwekwa chini, naye ana umri wa miaka 25. Katika “Disabled,” shairi alilolianza mwaka 1917 alipokuwa akiuguzwa karibu na Edinburgh, yumo kijana aliyekatwa miguu, ameketi katika kiti cha magurudumu akingoja giza liingie. Zamani, akitoka uwanjani kucheza kandanda, alama ya damu mguuni ilikuwa pambo lake. Akajiandikisha jeshini kwa kuwa aliambiwa vazi la Kiskochi litampendeza, na kwa kutaka kumridhisha msichana. Na huko vitani damu ikamruka pajani, ikatoka pamoja na ujana wake wote. Fahari na hasara zimekaa katika kiungo kimoja, na jioni ile macho ya wanawake yanampita, yakatua kwa wanaume wazima. Sijui shairi la vita lenye uchungu kuliko hilo.

T. S. Eliot, aliyekuwa akifanya kazi benki mjini London, alionyesha katika “The Waste Land,” mwaka 1922, karani kijana anayemwendea mpiga taipu chumbani baada ya chakula cha makopo: mwanamke hakatai wala hataki, na ghururi ya kijana huuhesabu ubaridi ule kuwa ni makaribisho. Akiisha kwenda zake, mwanamke anaweka sahani ya santuri. Dharau ya Eliot kwa watu wa kipato kidogo hainipendezi, lakini ushindi wa mwanamume haujapata kuonyeshwa mtupu namna ile.

D. H. Lawrence, mwana wa mchimba makaa ya mawe, ndiye mwenye huruma zaidi: katika mashairi yake ya kobe ya mwaka 1921, dume dogo linamfuata jike kubwa kwa unyonge, na kilio chake cha kujamiiana ni kilio cha kiumbe mhitaji.

Basi mwalimu anayesomesha mashairi haya asiziruke sehemu hizo kwa kuona haya. Azisome zote, kwani vijana wa kiume ndio wanaozihitaji kuliko wote.